Kitunguu saumu kimemuunguza mama yangu mguu

Mhariri, naomba nafasi kwenye barua za wasomaji maana hili jambo limenikaa rohoni.

Mama yangu anauza chapati na maandazi, anasimama kuanzia alfajiri mpaka saa nane mchana, miaka zaidi ya ishirini sasa, na sisi katuzaa sita. Mishipa ya miguu ikaanza kuvimba, imejisokota kama kamba chini ya ngozi, jioni mguu mzito unawaka moto hata kulala shida. Basi kwenye grupu la WhatsApp la wamama wenzake mtu akatuma eti ponda kitunguu saumu, changanya na siki ya tufaa, funga na kitambaa ulale nacho, mishipa inayeyuka yenyewe. Asubuhi tunafungua kitambaa mguu umejaa malengelenge, ameungua kabisa, na kile kidonda kimekaa karibu miezi miwili maana mguu wenye mishipa hiyo hauponi haraka jamani, damu inatuama pale.

Nesi ndio alitufafanulia vizuri. Ile mishipa inayorudisha damu kwenye moyo ina vijilango ndani vya kuzuia damu isishuke tena, sasa vikilegea, iwe kwa kurithi, mimba, uzito au kusimama sana, damu inarudi chini mshipa unavimba. Sasa wewe unapaka kitu juu ya ngozi kitafikaje kwenye kijilango?

Sisemi mitishamba yote ni uongo. Kuna mti wa Ulaya unaitwa hosi chesinati, vidonge vya mbegu zake vimepimwa kweli na mapitio ya 2012 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yalikuta vinapunguza maumivu na uvimbe kwa muda mfupi. Kupunguza maumivu lakini, sio kuondoa mishipa. Na mbegu zenyewe mbichi ni sumu, usije ukaagiziwa ukachemsha, na kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi muulize daktari kwanza.

Kilichomsaidia mama ni vitu vya kawaida ambavyo hakuna mtu anavituma kwenye grupu. Analala chali ameinua miguu juu ya mito ipite usawa wa moyo, robo saa mara tatu nne kwa siku, anatembea jioni maana kigimbi kikifanya kazi ndio kinasukuma damu kupanda, na soksi za kubana, ila hizi upimwe kwanza usinunue tu za kubahatisha, na unavaa asubuhi kabla mguu haujavimba.

Nawaomba ukurasa wenu wa afya muandike pia kwamba mguu mmoja ukivimba ghafla, unauma na una joto, ni hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda ndani, na hapo usikande wala kuchua. Na mshipa ukipasuka ukatoka damu, lala, inua mguu, bana kwa nguvu na kitambaa safi halafu mtu akukimbize hospitali.

Mama tumemtafutia stuli ndefu, siku hizi chapati anasukuma amekaa.

Msomaji wenu, Dar es Salaam