Gari ikichemsha, tusikimbilie kung'oa thamostati

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye Toyota Prado na Surf za zamani za dizeli, zile za injini ya 1KZ-TE, pamoja na mafundi wao.

Gari ikianza kuchemsha, gereji nyingi hung'oa thamostati, yaani valvu inayoongoza maji ya kupoza injini kufuatana na joto lake, na kuitupa. Hilo ni kosa kubwa. Thamostati hii ikipata moto hufungua njia ya rejeta, kipoza maji cha mbele ya gari, na papo hapo kuziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiiondoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye bloku bila kupoozwa. Badala yake, ichemshe thamostati kwenye sufuria yenye kipimajoto: ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizogongwa kwenye bati lake. Ikigoma, weka mpya.

Kodi za hitilafu, yaani namba ambazo kompyuta ya injini hutoa ikiona kasoro, nazo husomwa vibaya. Unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kisanduku cha DIAGNOSTIC chini ya boneti, fungua swichi bila kupiga stata, kisha hesabu mimweko ya taa ya injini. Miwili, kimya kidogo, miwili tena: hiyo ni 22, saketi ya sensa ya joto la maji. Haisemi injini imechemka! Inasema waya umekatika, soketi ina kutu au sensa imekufa. Ipime sensa kwa mita ya umeme: kwenye nyuzi 20 isome omu 2,000 hadi 3,000, kwenye 80, omu 200 hadi 400. Mshale wa dashibodi una sensa yake nyingine, kwa hiyo injini inaweza kuungua bila kodi hata moja.

Kipimo kizuri kuliko vyote hakihitaji mashine. Asubuhi, kabla ya kuwasha, minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ilhali gari limelala usiku kucha, gesi ya silinda inaingia kwenye maji: gasketi ya hedi imeungua au hedi (kifuniko cha juu cha injini) ina ufa. Legeza kifuniko taratibu, ukikifunika kwa kitambaa, jaza maji na uwashe; mapovu yasiyokoma ni uthibitisho. Hedi hizi za aluminiamu hupasuka kati ya valvu, hivyo ipimwe ufa kwa presha kabla ya kulipia kufesi, yaani kusawazisha uso wake.

Mpira ukiwa laini, geukia feni. Zima injini ikiwa ya moto, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikijizungukia kama pangaboi, mafuta ya silikoni ya klachi yake, kifaa kinachoishika feni izunguke na injini, yamekwisha. Osha pia tope kati ya kondensa ya AC (kipoza gesi ya kiyoyozi) na rejeta. Na tuache maji ya kisima yenye chumvi. Changanya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na maji ya betri yasiyo na asidi, nusu kwa nusu.

Fundi wa dizeli,
Dar es Salaam