Barua ya wazi kwa vijana wetu wa vyuoni mnaorudi Lamu

Wanangu, assalaam aleikum.

Nimesikia mmeunda kikundi huko vyuoni, na kwamba likizo hii mnakuja kuwasemea wavuvi wetu na wakulima wa kule Hindi, Lamu bara. Nimefurahi, Wallahi. Ila neno hilo "kuwasemea" limenikaa rohoni, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ile kesi ya makaa ya mawe wengi wenu iliwakuta wadogo. Mwaka 2016 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa leseni ya kujenga kiwanda cha umeme wa makaa hayo cha megawati 1,050 pale Kwasasi. Watu wetu, kupitia Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, wakapeleka malalamiko mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, linaloamua kesi za leseni kama hizo, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Huku mitaani utaambiwa ni maandamano yaliyoshinda. Maandamano yalisaidia, siyadharau. Lakini isomeni hukumu yenyewe. Jambo kubwa lililoiangusha leseni ile ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ilifanywa mapema, kabla ripoti ya athari za mazingira haijawa tayari. Utamuuliza vipi mtu maoni yake juu ya kitu ambacho hajakiona?

Sasa nanyi jipimeni kwa kipimo hicho hicho. Miaka ya nyuma kilikuja kikundi cha wanafunzi, fulana mpya, mabango yameshaandikwa. Wakapiga picha na wavuvi, wakakusanya sahihi, jioni wakapanda boti. Mzee mmoja aliyetia sahihi aliniuliza kesho yake karatasi ile ilikuwa ya nini. Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona haya kwa niaba yao.

Kuna kazi ambayo wengi wetu hatuiwezi na nyinyi mnaiweza. Ripoti za athari za miradi kama ule ni nene, tena za Kiingereza. Zisomeni mpaka mwisho, kisha mje mtueleze kwa Kiswahili, kwa Kiamu, lahaja yetu, ikibidi, moshi utaelekea wapi na maji ya moto yatamwagwa bahari ipi. Mkinyimwa ripoti, Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kuidai, na sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Leseni ikitoka, kukata rufaa mbele ya Jopo lile ni ndani ya siku 60. Zikiangukia mitihani, gawaneni zamu. Sitaki mzazi aliyeuza mbuzi kwa ajili ya karo asikie mwanawe amefeli kwa sababu yetu.

Mkifika, msianzie uwanja wa Mkunguni peke yake. Pale tunaoongea ni sisi wazee wa kiume. Mabinti miongoni mwenu wawaendee kina mama majumbani kwao, kwani barazani wengi wao hawatasema. Andikeni tarehe na kila lililosemwa, hata la anayetaka mradi kwa sababu mwanawe hana kazi. Huyo msimzomee. Kaeni naye mpaka amalize.

Halafu nipitieni nyumbani baada ya alasiri. Nina madaftari ya mikutano ya tangu zamani, na macho yangu hayasomi tena vizuri. Nataka mmoja wenu ayachukue.