Malalamiko: matope ya mgodi wenu na mto wetu Sabaki

Kwa meneja,

Assalam aleikum. Mimi ni mama karanga hapa Malindi, nauza samaki wa kukaanga, na nlikuwa kwa ule mkutano wenu wa juzi wa mgodi wa risasi mnaotaka kuchimba (risasi ile madini ya betri, lead, si ya bunduki). Naandika manake swali langu hamkulijibu, mlisema muda umeisha mkaanza kugawa soda.

Swali lilikuwa moja tu: mkishasaga mawe mkatoa risasi yenu, matope yanayobaki mtayawekaje, na mvua kubwa ikija nani atayazuia?

Mlituonyesha picha za shimo mkasema litazungushiwa seng'enge. Jamani, seng'enge yazuia mbuzi. Mawe ya risasi mara nyingi yana salfa ndani, yakipasuliwa yakapigwa na hewa na maji yatoa asidi, na hiyo asidi ndo hubeba sumu mpaka mtoni, na haikomi siku mkifunga mgodi, yaweza kuendelea miaka na miaka nyinyi mshaenda zenu. Kule Zambia mwezi wa pili 2025 bwawa la matope la mgodi wa shaba lilivunjika, asidi ikaingia mto Kafue, samaki wakafa na mji wa Kitwe ukafungiwa maji. Brumadinho, Brazil, 2019, bwawa la mgodi lilipasuka, matope yakaua watu 270.

Na nyinyi mwataka bwawa lenu la matope kando ya Sabaki! Huu mto mwaujua kweli? Mvua ikinyesha huko juu bara, sisi huku bahari yageuka rangi ya udongo, mume wangu akirudi na nyavu zimejaa tope. Visima vya Baricho viko kando ya mto huohuo, navyo ndo vyanywesha Malindi, Kilifi mpaka Mombasa. Risasi kwa maji huioni wala huinusi. Mtaa wa Owino Uhuru pale Mombasa, sumu ya risasi ilitoka kiwanda cha betri kuukuu tu, watoto wakaumia, ndo korti 2020 ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3.

Ripoti yenu ya mazingira nayo ni Kizungu kitupu, hata mzee wa mtaa ilimshinda. Nataka ya Kiswahili, na ramani ya hilo bwawa, na mseme pesa za kusafisha mtaziweka wapi kabla hamjachimba. Katiba kifungu cha 42 chanipa haki ya mazingira safi, siombi hisani.

Jibu liwe la maandishi, mlibandike pale soko la samaki wote wasome, msinipigie simu mimi peke yangu.

Mama karanga, Malindi