Refa wa Jumamosi ndiye mwalimu wa Jumatatu

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji wako aliyeandika kwamba sisi marefa wa ndondo, yaani soka la mtaani, tunapuliza filimbi kwa njaa. Naomba nafasi nimjibu, maana mimi ni mmoja wao. Kwenye njaa hajakosea sana. Jumamosi iliyopita nilichezesha mechi mbili, malipo yakawa soda moja ya moto na ahadi. Nauli ya kivuko nilijilipia.

Kazi yangu hasa ni ualimu wa shule ya msingi hapa Pangani. Nafundisha hisabati darasa la sita na la saba. Nilipofika, nilikosea kusema kikaoni kwamba napenda mpira. (Mapenzi hayo yalianza mwaka 1988, Coastal Union ilipochukua ubingwa wa ligi, baba alikuwa akianika betri za redio juani ili zifike dakika ya 90.) Basi nikakabidhiwa michezo yote: soka, netiboli, riadha na mchakamchaka wa alfajiri. Ikikaribia UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, narudi nyumbani giza limeingia, na madaftari ya kusahihisha yananisubiri mezani. Sheria inataka mpira uwe na gramu 410 hadi 450. Wetu fundi viatu ameushona mara tatu, ukiupiga unakwenda unakotaka mshono.

Filimbi nilipewa siku ambayo refa hakutokea. Watu wakasema, si ticha yupo? Tangu hapo ticha yupo kila wiki.

Sasa nimsimulie msomaji mechi moja, ng'ambo ya mto, Bweni. Timu ya mjini kwetu ilikuwa mgeni. Zimebaki dakika chache, vijana wa Bweni wakarusha mpira kutoka pembeni, ukamkuta mshambuliaji yuko peke yake na kipa. Akafunga. Nikaonyesha kati. Uwanja ukalipuka: "Kaotea! Mgosi, umetuuza!" Ndugu Mhariri, mpira wa kurushwa hauna kuotea. Wala kona, wala mpira unaoanzishwa kutoka golini. Imo katika sheria ya 11, na si sheria ya jana. Lakini utamweleza nani sheria ya 11 huku vifuu vya nazi vinapita juu ya kichwa chako?

Kurudi mjini lazima uvuke, na kivuko ni kilekile kimoja. Waliofungwa na mimi tukapanda pamoja, nami nina jezi nyeusi na filimbi shingoni. Pale mto si mpana, lakini jioni ile niliuona kama bahari. Mama mmoja muuza samaki akanivuta mkono, akanikalisha katikati ya ndoo zake. "Kaa hapa, mwalimu. Mimi wananiheshimu." Kweli hakuna aliyesogea. Matusi tu ndiyo yaliyovuka ndoo, na aliyetukana zaidi alikuwa amemshika mwanawe mkono. Mtoto huyo namfundisha, darasa la saba, dawati la mbele.

Jumatatu yule mtoto hakuniangalia. Sikumsema. Nilipomaliza eneo la pembetatu nikachora uwanja ubaoni, nikauliza darasa zima: nani ameotea hapa, na hapa je? Dakika tano zilitosha. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza kwenye mpira wa kurushwa. Baba yake bado.

Sisemi kwamba sikosei. Mwaka jana nilikataa bao halali kabisa kwa sababu jua la saa kumi na moja lilinipiga usoni na upande ule hapakuwa na mshika kibendera. Nililala nalo wiki nzima. Ila niulize: mashindano yanayopata mbuzi wa mshindi, jezi mpya na spika za kutikisa mji, yanashindwaje kuweka watu wawili wa kushika vibendera? Timu zinalipa kiingilio kabla ratiba haijapangwa. Fungu la waamuzi litoke siku hiyohiyo, lishikwe na mtu asiye na timu, nasi tulipwe kabla ya mpira kuanza. Refa anayesubiri hela ya mshindi ndiye mnayemshuku, na mna haki ya kumshuku. Lakini aliyemweka kwenye hali hiyo si yeye.

Jumamosi hii kuna nusu fainali, ng'ambo tena. Nimewaambia waandaaji kwamba bila washika vibendera wawili sipandi kivuko. Wamesema watanipigia simu.

Mwalimu wa michezo,
Pangani, Tanga