Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwa mlio ughaibuni: likizo hii itengeeni nchi siku zake

Ndugu zetu mlioko Muscat, Doha, London, Toronto, Minnesota na kokote riziki ilikowafikisha, tunawatakia Krismasi yenye amani na mwaka mpya wenye afya. Na ninyi msiosherehekea Krismasi lakini mmepata mapumziko pamoja na wenzenu kazini, salamu hizi ni zenu pia.

Huku nyumbani mikrismasi imechanua maua mekundu kandokando ya barabara, maembe yamejaa sokoni, na Nyanda za Juu Kusini watu wako mashambani kwa sababu mvua imeshika. Ni majira ambayo wengi wenu mnarudi. Ni majira pia ambayo hamu ya namna yake huwapata waliokaa nje muda mrefu: si hamu ya ugali na dagaa tu, wala ya mama tu, bali ya nchi yenyewe. Mtu amekulia Mwanza, akasoma Dar es Salaam, akapanda ndege. Mwenzake kazini anamuuliza kuhusu Ngorongoro au Kitulo, naye anatambua kwamba nchi yenye kilomita za mraba zaidi ya 945,000 anaijua kwa barabara moja ya basi. Hamu hiyo ni halali na haina sababu ya kuonewa aibu. Mtoto wa wakulima au wa mwalimu hakupelekwa mbugani. Nauli ilikuwa ya shule na ya kwenda kwa bibi.

Tatizo ni kwamba likizo ya wiki 3 huliwa na harusi, kuhani misiba, vikao vya familia na foleni za mjini. Wanaosema "nikipata nafasi nitatembea" huondoka bila kutembea. Tunashauri siku 6 au 7 zitengwe kabla ya kukata tiketi ya ndege, na ndugu waambiwe mapema kwamba siku hizo zimeshajaa.

Zipangwe lini? Baada ya tarehe 2 Januari, na sababu ni mwelekeo wa abiria. Kuanzia katikati ya Desemba mabasi yanayotoka Dar kwenda Moshi na Arusha hujaa, walanguzi huingia, na mwenye tiketi halali anaweza kukuta kiti kimeuzwa mara mbili. Mwaka mpya ukishaingia, umati hugeuka kurudi Dar kuwahi kazi na kufungua shule. Anayetoka Dar siku hizo kwenda bara anasafiri kinyume cha msongamano, basi lina nafasi na vyumba vya wageni vinapatikana.

Mvua nayo ina ramani yake. Pwani na kaskazini vuli huwa inaisha Desemba, na Januari na Februari ni kipindi kizuri hata cha kupanda Kilimanjaro. Kati, kusini na magharibi mvua ni moja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa hiyo barabara za udongo huko huwa na tope wakati huohuo. Wengi wakisikia hivyo huacha kusini kabisa. Sisi tunaona wanakosea, kwa sababu mambo kadhaa mazuri ya kusini huonekana mvua inaponyesha.

Kubwa ni Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ni uwanda wa juu kwenye mita kama 2,600, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua, na una aina zaidi ya 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi. Maua huanza mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Atakayekwenda Agosti ataona nyasi kavu na baridi. Okidi hizo zilikuwa zikichimbwa viazi vyake na kuuzwa Zambia kutengeneza chakula kiitwacho chikanda, kwa hiyo msing'oe hata shina moja la kupigia picha. Safu hizohizo za Kitulo na Rungwe ndiko aliko kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu, ilhali wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake zamani.

Njia yenyewe tunapendelea iwe hivi. Dar hadi Morogoro pandeni treni ya reli ya kisasa (SGR), iliyoanza Juni 2024 kwa nauli ya shilingi 13,000 daraja la kawaida. Kateni tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla, kwa jina lilelile lililo kwenye kitambulisho, maana hukaguliwa. Stesheni haiko katikati ya mji. Chukueni bajaji hadi stendi ya Msamvu, kisha basi la Iringa au la Ifakara. Barabara kuu ya Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na mara nyingi twiga na swala huonekana kupitia dirisha la basi bila kulipa kiingilio.

Mikumi mjini kuna njia panda. Kushoto, kilomita kama 60, ni Mang'ula, lango la Hifadhi ya Udzungwa. Hifadhi hii haiingiliki kwa gari, ni miguu tu, na ndiyo inayofaa kwa bajeti ndogo. Maporomoko ya Sanje hushuka mita 170. Panga saa 4 za kupanda na kushuka pamoja na mwongozaji. Mvua ikinyesha njia huteleza vibaya, hasa wakati wa kushuka, kwa hiyo raba nyororo za mjini ziachwe nyumbani. Anzeni asubuhi, mawingu hukusanyika mchana.

Kutoka Mikumi kuelekea Iringa kuna mlima Kitonga. Lori moja likiharibika kwenye kona, magari hukwama kwa saa nyingi, kwa hiyo chagueni basi litakalopita hapo asubuhi, na mbebe maji na chakula. Iringa laleni usiku mmoja: nguzo za udongo za Isimila ziko kilomita kama 20 nje ya mji, na katika kijiji cha Kalenga limehifadhiwa fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa mwaka 1954. Kisha Mbeya. Kitulo hupandwa kutoka Chimala, mji ulio kwenye barabara hiyo kabla ya kufika Mbeya, kupitia Matamba, kwa barabara ya kona zinazoitwa Hamsini na Saba kwa idadi yake. Hapo gari dogo halifai. Kodini gari la kuvuta magurudumu yote manne lenye dereva wa huko, na mhakikishe lina koleo, kamba ya kuvutia na tairi la akiba lenye upepo. Sweta nzito na koti la mvua ni lazima.

Mwenye siku pungufu ya hizo aende kisiwa cha Mafia. Papa potwe huonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, na boti huondokea Nyamisati. Ulizeni hali ya bahari siku moja kabla.

Sasa mambo yanayoharibu safari. Mwenye pasipoti ya Tanzania au kitambulisho cha NIDA hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, kiwango cha Afrika Mashariki. Aliyechukua uraia mwingine ni mgeni kisheria, kwa kuwa uraia pacha hauruhusiwi: mara nyingi atahitaji viza, kwa kawaida dola 50 na kwa pasipoti ya Marekani dola 100, na getini atalipa kwa kiwango cha wageni. Watoto waliozaliwa nje wenye pasipoti za huko nao hivyohivyo, ingawa walio chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio cha hifadhi. Fanyeni hesabu hii kabla, maana kwa familia ya watu 5 gharama inaweza kuongezeka mara kadhaa. Zanzibar, mgeni hulipa bima ya dola 44 tangu Oktoba 2024. Malipo ya hifadhi hupitia namba ya malipo, kadi au simu, si fedha mkononi. Laini ya zamani isiyotumika huenda imeshafungwa. Sajilini nyingine kwa alama za vidole mkifika.

La malaria lisikilizwe kwa makini. Kinga ya mwili aliyokuwa nayo mtu hapa hufifia akikaa nje miaka michache, na waliozaliwa nje hawana kabisa. Muoneni daktari kabla ya safari: vidonge vya atovakoni na proguanili huanza siku 1 au 2 kabla na kuendelea siku 7 baada ya kutoka, doksisaiklini huendelea wiki 4. Homa ikiwapata mkisharudi, mwambieni daktari siku hiyohiyo kwamba mmetoka Tanzania.

Na kama gari lina nafasi, mchukueni mzazi. Wazee wengi wa Moshi hawajawahi kufika Kyela, na wa Kyela hawajaiona bahari. Kiingilio chao ni kidogo, lakini wapewe kiti cha mbele na vituo vya kuchimba dawa kila saa 2. Mungu awafikishe salama, na mwaka mpya uwakute na ramani mkononi.