Ziara ya Bungeni iandaliwe kabla ya safari

Mhariri,

Mwanangu wa kidato cha pili amerejea Dar es Salaam kutoka Dodoma, walikokwenda na wenzake kwa treni ya mwendokasi kujifunza jinsi sheria zinavyotungwa. Alinisimulia siwa, ile fimbo ya mamlaka ya Bunge, ilivyoingizwa ukumbini na wao walivyosimama Spika alipowatambulisha. Nilipomuuliza muswada huenda wapi ukishasomwa mara ya kwanza, alitazama viatu vyake.

Simlaumu, kwani asubuhi mgeni huona maswali na majibu, ilhali kazi nzito hufanyika kwenye kamati, ambako wadau hutoa maoni na vifungu huchambuliwa, kabla ya muswada kusomwa mara ya pili, kupita Kamati ya Bunge Zima (wabunge wote wakikaa kama kamati), kusomwa mara ya tatu na kupelekwa kwa Rais, ambaye kwa ibara ya 97 ya Katiba anaweza kuukubali au kuukataa na kuurejesha Bungeni pamoja na sababu zake.

Naomba shule ziwape wanafunzi muswada mmoja mfupi wausome kabla ya safari, na ziombe mapema nusu saa na katibu wa kamati. Nauli tuliyochanga wazazi haikuwa ndogo.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam