Barua ya malalamiko: Nafuu naipata mkinizimia stima

Mteja wenu,
Kijijini karibu na Garsen,
Kaunti ya Tana River.

21 Julai 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Umeme.

Kwako Meneja,

KUH: SIKU 54 GIZANI, FRIJI ILIYOUNGUA NA BEI YA TOKENI ISIYOELEWEKA

Nimekuwa mteja wenu tangu 2016, Last Mile, ule mradi wa serikali wa kusambaza stima majumbani, ulipofika kwetu. Nyumba yangu ilikuwa ndani ya zile mita 600 kutoka kwenye transfoma, kwa hivyo badala ya shilingi 35,000 zilizokuwa zikitozwa zamani kuunganishiwa stima nililipa 15,000, tena kwa vipande vipande hadi deni likaisha. Siku taa ya kwanza ilipowaka, marehemu babangu alikaa chini yake akasoma gazeti la wiki iliyopita mwanzo hadi mwisho, matangazo ya vifo na yote. Nayataja haya mjue kwamba siandiki kwa chuki. Stima niliitaka na bado naitaka.

Tarehe 9 Aprili mwaka huu, magharibi, watu wakiwa wanatoka msikitini, transfoma yetu ililia mara moja kama gunia la mchanga lililoanguka kutoka juu ya lori, ikatoa moshi, basi. Nilipiga simu usiku huohuo. Nikapewa namba ya malalamiko na kuambiwa fundi yuko njiani. Hiyo njia sijui inaanzia wapi, maana stima ilirudi tarehe 2 Juni. Hesabuni wenyewe: ni siku 54.

Katikati ya siku hizo, tarehe 6 Mei, niliingiwa na ujumbe wenu kwenye simu kwamba tatizo langu limetatuliwa na mnanishukuru kwa uvumilivu. Ujumbe huo niliusoma nimekaa kizingitini, mwanga pekee ukiwa wa simu yenyewe. Nilipopiga kuuliza limetatuliwa vipi, kijana aliyepokea, na alikuwa na adabu, simlaumu, aliniambia kwenye kompyuta yake lalamiko limefungwa, kwa hivyo inabidi nifungue jipya. Nikafungua jipya, tukarudi kwenye fundi yuko njiani. Baadaye tukasikia kwamba transfoma ipo ila gari halina mafuta. Tuko nyumba 46 na kinu kimoja cha kusaga kwenye laini hiyo, tukachanga shilingi 200 kila nyumba. Risiti hatukupewa. Nauliza kwa maandishi: mafuta ya gari la kampuni ni jukumu la mteja? Kama ndiyo, yawekeni kwenye bei tuyaone, pamoja na yale makato mengine.

Sasa friji, na hapa ninaomba msome pole pole.

Mama yangu ana kisukari na anadungwa insulini asubuhi na jioni. Friji yangu ndogo niliinunua Malindi kwa shilingi 28,500 kwa sababu ya dawa hiyo. Samaki na maziwa ni wageni tu humo ndani. Stima ilipokatika tulirudi kwenye mtungi. Unatia mchanga ndani ya mtungi mkubwa, unaulowesha, unaweka mtungi mdogo juu ya mchanga, chupa za dawa unazitia kwenye kopo lenye kifuniko ndani ya ule mdogo, kisha unafunika gunia lililoloweshwa. Ukiweka kivulini penye upepo, dawa inapoa kiasi. Lakini mchanga ukikauka umeharibikiwa, na joto la kwetu mnalijua. Kwa siku 54 mama alikuwa akiamka usiku kupapasa mtungi kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Siku za jua kali nilimtuma kijana wa boda Garsen akalete barafu, shilingi 300 kwenda na kurudi, na nusu yake ilifika ikiwa maji.

Tarehe 2 Juni stima ikarudi. Ilirudi kwa nguvu kupita kiasi. Balbu mbili zilipasuka, ya jirani moja, na friji yangu ikanguruma kama dakika mbili kisha ikanyamaza. Fundi wa Garsen ameifungua, anasema kompresa imeungua na kuitengeneza kunakaribia bei ya kununua nyingine. Nimeambatisha barua yake fupi pamoja na risiti ya dukani. Kwa hivyo mtungi ungali pale pale chini ya mwembe, stima ikiwa juu ya kichwa chake.

Friji hiyohiyo ndiyo inayonifikisha kwenye jambo la bei.

Hadi Machi 2023, mtumiaji wa nyumbani asiyezidi uniti 100 kwa mwezi alikuwa kwenye bei ya chini. Kuanzia Aprili 2023 kikomo hicho kilishushwa hadi uniti 30. Najua bei huidhinishwa na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, siyo ofisini kwenu, na nakala ya barua hii naipeleka huko. Lakini mnaouza ni nyinyi na mnaopaswa kunieleza ni nyinyi, kwa sababu kijijini kwetu hakuna aliyewahi kuja kutueleza kitu. Wengi huku wanaamini bei ya tokeni hubadilika kulingana na siku ya mwezi. Wengine hununua usiku wa manane wakisema ndipo uniti huwa nyingi.

Mimi nilikaa na ujumbe wa tokeni zangu na daftari. Friji ndogo peke yake, kabla hata sijawasha taa, inakaribia uniti 30 kwa mwezi. Ongeza taa tatu, redio na kuchaji simu. Januari nilinunua uniti 34, Februari 33, Machi 36. Wastani wa miezi mitatu ni 34 na kidogo, na wastani huo ndio unaoamua niko kundi gani. Kwa kuwa nimevuka 30, sitozwi bei ya juu kwa zile uniti nne zilizozidi tu. Natozwa kwa zote, kuanzia ya kwanza. Mwezi wa Machi shilingi 500 ilinipa uniti 19.7.

Kisha tukaingia gizani. Aprili nilikuwa nimenunua 19.7 kabla ya tarehe 9. Mei sikununua hata moja, ningenunua niiwekee nini? Tarehe 11 Juni, friji ikiwa imekufa, nikanunua tena tokeni ya shilingi 500. Nikapata uniti 25.1. Nilidhani mmekosea. Nikarudi kwenye daftari: Machi 36, Aprili 19.7, Mei sufuri, wastani haufiki 19. Nimerudi kundi la wanyonge. Kwa maneno mengine, Meneja, katika mwaka mzima huu mara pekee niliyopata bei nafuu ni baada ya nyinyi kunizimia stima karibu miezi miwili na kuniunguzia friji. Nikinunua friji nyingine ili dawa ya mama isiharibike, nitavuka 30 na bei itapanda kwa kila uniti.

Najua gharama ya mafuta na ya fedha za kigeni inayoongezwa kwenye bei ya stima hubadilika kila mwezi, kwa hivyo hesabu yangu haiwezi kuwa ya senti kwa senti. Lakini tazameni ukubwa wake. Kwa bei ya Juni, uniti 30 zingenigharimu kama shilingi 598. Kwa bei ya Machi, uniti 34 ni kama 863. Uniti nne za juu zinanitoa shilingi 265, karibu 66 kila moja. Sijui duka lingine ambapo ukiongeza robo kilo ya sukari, muuzaji anapandisha bei ya ile kilo uliyokwisha kupimiwa.

Na makato yenyewe nimeyasoma moja baada ya jingine, kwa sababu usiku wa giza ni mrefu. Kuna VAT asilimia 16. Kuna makato ya REP, asilimia 5, ya kupeleka umeme vijijini. Mimi niko kijijini, na ninalichangia jambo hilo kila ninaponunua tokeni. Nisingeona vibaya kama sehemu yake ingefika kwenye nguzo iliyo nje ya boma langu. Kisha kuna senti kidogo za WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, kwa ajili ya maji ya mito yanayozungusha mitambo. Hizo hunichekesha. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yote yako juu ya mto huuhuu wa Tana unaopita nyuma ya shamba langu. Maji yakishamaliza kazi ya kuwasha Nairobi, huteremka hadi kwetu. Mvua za Aprili na Mei 2024, mabwawa yalipojaa yakamwagika, mto ulitufikia hadi jikoni, mahindi yakaenda na migomba ikaenda. Hatukuona taa iliyong'aa zaidi kwa hilo.

Mafuriko hayo ndiyo yaliyoilaza nguzo ninayoisema. Maji yalilainisha udongo ikaegemea upande wa njia, na tangu hapo, mwaka na zaidi, imeshikiliwa na gogo la mwembe ambalo vijana wetu walilikata wenyewe. Nyaya zimeshuka kiasi kwamba mtu mzima akiinua jembe begani anazifikia. Ng'ombe wakipelekwa mtoni tunaweka mtoto mmoja mbele awaelekeze pembeni. Nimeripoti mara tatu, namba za malalamiko ziko kwenye karatasi ya pili. Na upepo wa kusi ukivuma nyaya hugusana, stima inafifia hadi balbu inabaki na uzi mwekundu tu, halafu inapanda ghafla. Fundi wa Garsen anasema hata bila yale ya tarehe 2 Juni, friji isingedumu kwa stima ya namna hiyo.

Ninachoomba ni hiki. Mnilipe friji, shilingi 28,500. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mteja haki ya huduma ya ubora unaofaa na fidia akipata hasara kwa kasoro ya huduma hiyo, na stima iliyorudi kwa kishindo kile ilikuwa na kasoro, hata balbu ya jirani ni shahidi. Mrudishe zile 200 za kila nyumba au mtueleze ziliingia wapi. Mniandikie kwa Kiswahili, kwa karatasi, jinsi wastani wa miezi mitatu unavyohesabiwa kwenye mita yangu, na mnijibu swali moja: miezi ambayo mteja hakuwa na stima kwa kosa lenu inaingizwaje kwenye hesabu hiyo? Nataka jibu hilo hata kama safari hii limenifaidi. Nguzo isimamishwe kabla ya mvua za vuli. Oktoba si mbali, na gogo limeanza kuliwa na mchwa.

Nawapa siku 21 kuanzia siku mtakayoipokea barua hii. Zikipita kimya, nitafuata lalamiko langu EPRA mimi mwenyewe, pamoja na majirani 11 waliokwisha kuniambia wako tayari kuweka sahihi. Sitatumia tena ile namba ya simu, kwa sababu huko malalamiko yangu hufungwa kabla ya fundi kuondoka ofisini.

Nimeambatisha risiti ya friji, barua ya fundi, orodha ya namba za malalamiko na nakala ya ukurasa wa daftari wenye uniti zangu. Mafundi wenu wakija wasihangaike kuuliza njia. Wapite kinu cha kusaga, washike njia ya mtoni, wataiona nguzo yenye gogo la mwembe. Wainamishe vichwa wakipita.

Wenu,
Mteja wa mita ya tokeni, Tana River

Nakala: EPRA